Moyo Usioandikwa Kwenye Faili

Mtu ameishi na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, kwa miaka 15. Kila mwezi huenda kliniki akaulizwa kama bado anasikia sauti, kama usingizi unakuja, kama anakunywa dawa zake bila kuruka siku. Anajibu, majibu yanaandikwa, anachomwa sindano, anapangiwa tarehe nyingine, anarudi nyumbani. Katika miaka hiyo ameongezeka kilo 25, presha imepanda kidogo kidogo, sukari nayo imepanda, na hakuna aliyewahi kumuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Anafariki akiwa na miaka 52. Zile sauti zilishatulia zamani. Kilichomuua ni moyo. Ukifungua faili lake, nene kama lilivyo, utakuta habari za akili ukurasa kwa ukurasa. Ya moyo hakuna hata karatasi moja.

Huyu ni mtu wa mfano, lakini maisha ya namna yake ni ya kawaida kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili, yaani skizofrenia, ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) na sonona kali, hufa mapema kuliko wenzao kwa miaka 10 hadi 20. Wengi wakisikia hivyo hufikiri ni kujiua. Kujiua kupo na ni jambo zito, ila sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na magonjwa ya mwili, na yanayotangulia ni ya moyo na mishipa ya damu. Ni magonjwa yale yale ambayo hupimwa kwa mkanda wa presha na tone la damu, na ambayo yana dawa zilizozoeleka. Ndiyo maana habari hii inaniuma. Hatuzungumzii ugonjwa ambao sayansi haijaufikia. Tunazungumzia moyo usio na mwenyewe: daktari wa akili anaona ni kazi ya daktari wa mwili, na daktari wa mwili anaona mgonjwa ni wa wenzake wa akili.

Ili kuuelewa moyo huo inabidi kufumua nyuzi kadhaa zilizosukwa pamoja, na baadhi yake huvutana.

Ugonjwa wenyewe ulitangulia dawa

Ni rahisi kuzitupia dawa lawama zote. Lakini Henry Maudsley, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika mwaka 1879 kwamba kisukari hujitokeza mara nyingi katika familia zenye ugonjwa wa akili. Klopromazini, dawa ya kwanza ya saikosisi (hali ya akili kuachana na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo), ilianza kutumika Paris mwaka 1952. Kati ya mambo hayo mawili imepita miaka zaidi ya 70. Na uchunguzi wa siku hizi kwa watu wanaougua skizofrenia kwa mara ya kwanza, ambao bado hawajameza kidonge, umeonyesha kwamba miili yao tayari inaitii insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa shida kuliko ya watu wenye afya.

Sehemu ya maelezo imo katika namna mwili unavyokabili hatari. Mtu anayeishi na hofu, vitisho vya sauti au huzuni isiyokwisha ana mwili unaokaa tayari kukimbia mchana na usiku. Homoni ya kotisoli hubaki juu, mapigo ya moyo hayapati utulivu, chembe sahani za damu hushikana kwa urahisi zaidi, na kuta za mishipa huwa na uvimbe mdogo wa kudumu usiouma. Miaka ikipita, mishipa hukakamaa na kujaa mafuta mapema.

Halafu yapo maisha yanayouzunguka ugonjwa. Kazi hupotea, kipato hupungua, marafiki huacha kupiga simu, usingizi huharibika, na chakula huwa kile kilicho karibu na rahisi. Sonona humnyang'anya mtu nguvu ya kutoka kitandani, sembuse ya kwenda kutembea kwa dakika thelathini. Kisukari kwa watu wenye skizofrenia huonekana mara mbili hadi tatu zaidi kuliko kwa watu wengine, na takriban mmoja kati ya watatu ana ule mkusanyiko wa kiuno kipana, presha, sukari na mafuta mabaya ya damu ambao ni njia pana ya kuelekea mshtuko wa moyo.

Dawa inayotuliza akili na kupanua kiuno

Dawa za saikosisi hufunga vipokezi vya dopamini, kemikali ya kupeleka taarifa kwenye ubongo, na hiyo ndiyo kazi tunayozitakia. Baadhi yake hufunga pia vipokezi vya histamini, na aina fulani ya vipokezi vya serotonini, ambavyo hushiriki kuujulisha mwili kwamba umeshiba. Vikifungwa, taarifa ya shibe haifiki. Wagonjwa husimulia njaa wasiyowahi kuijua: mtu anamaliza kula, na muda mfupi baadaye anatafuta kingine. Kumwambia mtu wa hali hiyo ajizuie, bila kumweleza njaa inatoka wapi wala kumsaidia kwa lolote, ni kumwongezea aibu juu ya ugonjwa.

Dawa hazilingani katika hili. Klozapini na olanzapini ndizo zinazoongeza uzito zaidi. Kwetiapini na risperidoni hukaa katikati. Aripiprazoli, lurasidoni na haloperidoli huongeza kidogo, ingawa kila moja ina mizigo yake mingine. Jambo ambalo ningependa kila familia ilijue ni kwamba kilo nyingi huingia katika wiki na miezi ya mwanzo, na anayetumia dawa hizi kwa mara ya kwanza katika maisha yake ndiye hunenepa haraka kuliko wote. Anayengoja hadi mwaka wa pili ndipo aanze kupima uzito anafika wakati shughuli imekwisha.

Kuwahi kunaleta tofauti inayoonekana kwa macho. Mjini Sydney, Australia, kundi la vijana walioanza dawa za saikosisi lilipewa muuguzi wa kuwafuatilia, mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa mazoezi tangu mwanzo kabisa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya wiki 12 vijana hao waliongezeka wastani wa kilo 1.8. Waliopata huduma ya kawaida waliongezeka kilo 7.8. Tofauti ya kilo sita ndani ya miezi mitatu, kwa kijana mwenye miongo mingi mbele yake, ni tofauti kubwa.

Hapa msomaji anaweza kufikia hitimisho la hatari: basi tuache dawa, tuuokoe moyo. Nataka kulizuia wazo hilo waziwazi. Finland huweka kumbukumbu za matibabu za watu wake wote, na watafiti wa nchi hiyo waliwafuatilia watu zaidi ya 62,000 wenye skizofrenia kwa muda uliofikia miaka 20. Katika vipindi ambavyo watu walikuwa wanatumia dawa za saikosisi, vifo vilikuwa vichache kuliko katika vipindi ambavyo hawakutumia dawa yoyote, hata vile vya magonjwa ya moyo na mishipa. Na dawa iliyoambatana na vifo vichache zaidi ilikuwa klozapini, ile ile inayonenepesha kupita zote. Utafiti wa kufuatilia kumbukumbu hauwezi kuthibitisha sababu kwa asilimia mia, kwa kuwa huenda wanaoendelea na dawa wanatofautiana kwa mengi na wanaoziacha. Lakini mantiki yake si ngumu kuiona. Mtu aliyetulia hula kwa wakati, hulala, hukumbuka kidonge cha presha, na huweza kueleza panapouma. Aliyezidiwa na ugonjwa hawezi hata kimoja.

Kwa hiyo swali zuri la kumpelekea daktari ni hili: dawa hii ikiendelea kufanya kazi yake, tunaulindaje mwili? Majibu yapo. Pengine inawezekana kuhamia dawa nyepesi kwa uzito, jambo linalofanywa polepole na chini ya uangalizi. Metformini, dawa ya zamani ya kisukari, hupunguza takriban kilo tatu kwa wastani kwa watu walionenepa kutokana na dawa za saikosisi, na siku hizi wapo wataalamu wanaoianzisha pamoja na olanzapini au klozapini kabla uzito haujapanda. Dawa mpya zinazoiga homoni ya shibe nazo zimejaribiwa. Mwaka 2017 zilichapishwa habari za jaribio la liraglutidi kwa watu 103 waliokuwa wakitumia klozapini au olanzapini. Baada ya wiki 16 waliopewa dawa hiyo walikuwa wamepungua kilo 5.3 zaidi ya waliopewa kidanganyo kisicho na dawa ndani yake.

Vipimo vyenyewe ni vya kawaida. Mwaka 2004 vyama vya Marekani vya wataalamu wa kisukari na wa akili vilikubaliana juu ya ratiba ambayo bado ni msingi mzuri: kabla ya kuanza dawa pimwe uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu, uzito urudiwe wiki ya 4, ya 8 na ya 12, presha, sukari na mafuta yarudiwe wiki ya 12, kisha ufuatiliaji uendelee. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba mashine yake ya gharama zaidi ni ya maabara ya kawaida. Mizani na utepe wa kupimia havihitaji daktari bingwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja aliyeambiwa kwamba hiyo ni kazi yake.

Na kupima pekee hakutibu. Presha iliyoandikwa kuwa 160 kwa 100 katika mahudhurio manne mfululizo bila mtu kuanzisha dawa haina faida kwa mwenye presha. Hapa pia pana mtego wa umri. Vikokotoo vinavyotabiri hatari ya moyo kwa miaka kumi ijayo huegemea sana umri, hivyo mtu wa miaka 32 mwenye skizofrenia, anayevuta sigara na mwenye lehemu nyingi, anaweza kuonekana hana hatari kubwa kwa kuwa bado ni kijana. Uingereza ililiona tatizo hili kwa sehemu. Kikokotoo chake kilichotoka mwaka 2017 kilianza kuhesabu ugonjwa mkali wa akili na dawa mpya za saikosisi kama vitu vinavyoongeza hatari. Kwa kijana, mimi ningetazama kila tatizo kwa upande wake: presha itibiwe kama presha, sukari kama sukari, bila kungoja jumla ifike kiwango fulani. Dawa za kushusha lehemu hazina sababu ya kunyimwa mtu kwa kuwa ana faili la akili.

Umeme wa moyo

Mafuta na sukari huua kwa miaka. Ipo njia nyingine ambayo ni adimu zaidi na huua kwa dakika. Kila pigo la moyo huanzishwa na mkondo wa umeme, na baada ya pigo misuli hujichaji upya. Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, muda huo huitwa QT. Baadhi ya dawa huurefusha. Ukirefuka sana, hasa ukipita milisekunde 500, moyo unaweza kuingia katika mtetemo usiosukuma damu, na mtu akaanguka ghafla.

Dawa ya saikosisi iitwayo thioridazini iliondolewa sokoni na watengenezaji wake mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Haloperidoli, hasa ikitiwa kwenye mshipa, huweza kuurefusha muda huo, na ziprasidoni pia. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza sitalopramu, dawa ya sonona, isizidi miligramu 40 kwa siku. Dawa moja katika dozi ya kawaida kwa mtu mwenye moyo mzima mara nyingi haileti shida. Mambo huharibika yanapokutana: dawa ya akili, antibayotiki kama eritromisini, kuharisha au kutapika kulikopunguza potasiamu na magnesiamu mwilini, na labda moyo uliokuwa tayari na kasoro. Ndiyo sababu mfamasia anapaswa kuambiwa dawa zote anazotumia mtu, hata kama amekuja kutafuta dawa ya kikohozi tu. Kuzimia ghafla, au kuzimia wakati wa mazoezi, kwa mtu anayetumia dawa hizi, kunahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyo hiyo.

Klozapini ina sura yake ya peke yake. Kwa watu wachache huvimbisha msuli wenyewe wa moyo, na karibu kila mara hutokea katika miezi miwili ya kwanza. Dalili zake hufanana na mafua: homa, uchovu, mapigo ya kasi, kifua kubana, kuishiwa pumzi. Mtu hupewa dawa ya maumivu akaambiwa apumzike. Katika majuma hayo ya mwanzo, homa kwa mtumiaji wa klozapini ni sababu ya kupima damu, ikiwemo troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Ikipita miezi hiyo salama, hatari hiyo hupungua sana.

Sigara, na siri iliyomo kwenye moshi wake

Watu wenye magonjwa makali ya akili huvuta sigara mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wengine. Lawama haziko kwao peke yao. Kwa miongo mingi wodi za akili zenyewe zilitumia sigara kama zawadi: aliyetulia alipewa moja, aliyekunywa dawa bila ubishi alipewa nyingine. Wapo waliolazwa wakiwa hawavuti wakatoka wakiwa wavutaji. Ikajengeka imani kwamba sigara ndiyo starehe pekee waliyobakiwa nayo, na kwamba kuwanyang'anya kutawarudishia ugonjwa.

Ushahidi unapinga. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 26, na yakaonyesha kwamba walioacha kuvuta walipungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo wa mawazo wakilinganishwa na walioendelea. Utulivu anaouhisi mvutaji anapowasha sigara ni, kwa sehemu kubwa, kuisha kwa kiu ambayo sigara iliyotangulia imeileta. Mwaka 2016 likaja jaribio la watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wakiwa na historia ya ugonjwa wa akili, lililopima misaada mitatu ya kuacha sigara: vidonge vya vareniklini, vidonge vya bupropioni na plasta za nikotini. Vareniklini ilikuwa inaogopwa kwamba huchafua akili. Jaribio halikuona ongezeko kubwa la matatizo hayo, na mwishoni mwa mwaka huo Marekani ikaliondoa onyo kali lililokuwa kwenye pakiti yake.

Kwa hiyo kuacha kunawezekana na kuna faida. Lakini kuna jambo ambalo ni lazima lijulikane kabla ya siku ya kuacha, na nasikitika kwamba mara nyingi halisemwi. Moshi wa tumbaku una kemikali zinazoliamsha ini lizalishe kwa wingi kimeng'enya kinachovunja klozapini na olanzapini. Mvutaji kwa hiyo huhitaji dozi kubwa zaidi kuliko asiyevuta ili apate nafuu ile ile. Akiacha ghafla, ndani ya siku chache kimeng'enya hupungua huku dozi ikibaki ile ile, na klozapini katika damu inaweza kupanda kwa nusu nzima au zaidi. Matokeo yake ni usingizi mzito, kizunguzungu, mate kujaa, na kwa wengine degedege. Familia hudhani ugonjwa umerudi, au hudhani kuacha sigara ndiko kulikomdhuru.

Plasta ya nikotini haizuii hali hiyo, kwa kuwa anayeliamsha ini ni moshi; nikotini haihusiki. Dawa yake ni mipango: daktari ajue tarehe ya kuacha, dozi ya klozapini ipunguzwe, mara nyingi kwa takriban robo katika wiki ya kwanza, na kiwango chake katika damu kipimwe pale inapowezekana. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Mtu aliyelazwa mahali pasiporuhusiwa sigara, dozi yake ikapangwa akiwa havuti, akirudi nyumbani na kuwasha sigara dawa hupungua nguvu kimyakimya, na ugonjwa unaweza kurudi wakati yeye anaapa, kwa ukweli kabisa, kwamba hajaruka hata kidonge.

Lithiamu ikikutana na kidonge cha presha

Kama kuna mahali ambapo ukimya kati ya madaktari wawili unaweza kumdhuru mtu ndani ya wiki moja, ni hapa. Lithiamu imekuwa nguzo ya matibabu ya ugonjwa wa hisia mseto tangu John Cade wa Australia aandike habari zake mwaka 1949. Ni dawa nzuri, na pia hupunguza kujiua. Lakini nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni finyu, na mwili huitoa kwa njia moja tu, yaani figo. Figo nazo huichukulia lithiamu kama chumvi: zikiona chumvi imepungua mwilini, huishikilia chumvi na lithiamu pamoja.

Sasa mtu huyu apatikane na presha. Daktari mwingine, kwa nia njema, anamwandikia kidonge cha kumfanya akojoe zaidi, au enalaprili, au losartani. Dawa hizi ni za kawaida na zimeokoa watu wengi, ila zote huweza kupandisha lithiamu katika damu. Anamshauri pia aache chumvi, ushauri sahihi kwa mwenye presha, na kwa anayetumia lithiamu kuacha chumvi ghafla huipandisha tena. Goti likiuma, ananunua ibuprofeni au diklofenaki, nazo hufanya vivyo hivyo. Kila hatua ukiitazama peke yake haina kosa. Zikijumlishwa, mtu anaanza kutetemeka mikono kwa nguvu, anatapika, anaharisha, anayumba akitembea, maneno yanakuwa mazito, fahamu zinavurugika. Huko kumechelewa, ni wa kukimbizwa hospitali.

Hakuna sababu ya kuchagua kati ya presha na akili. Amlodipini kwa kawaida haigusi lithiamu kwa kiasi cha maana, na wengi huanzia hapo. Hata zile nyingine zinaweza kutumika, mradi dozi ya lithiamu iangaliwe upya na damu ipimwe tena ndani ya siku chache. Kinachotakiwa ni daktari wa presha kujua kwamba kuna lithiamu. Mimi ningemshauri kila anayeitumia atembee na kikaratasi chenye jina la dawa hiyo kwenye pochi, na akitoe kabla hata hajaulizwa.

Dawa nyingine nizitaje kwa kifupi. Venlafaksini, dawa ya sonona, katika dozi kubwa hupandisha presha, hivyo presha ipimwe kila dozi inapoongezwa. Amitriptilini, nayo ya sonona, haifai kwa aliyepata mshtuko wa moyo karibuni. Klopromazini na klozapini huweza kushusha presha ghafla mtu anaposimama; akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka.

Njia hii ina pande mbili

Moyo nao huigusa akili. Mwaka 1993 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha habari za wagonjwa 222 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo, wakaonyesha kwamba waliokuwa na sonona walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miezi sita iliyofuata. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilipendekeza sonona ihesabiwe miongoni mwa vitu vinavyoharibu mustakabali wa aliyepata shambulio la moyo. Kuhusu matibabu, sertralini ilijaribiwa kwa wagonjwa kama hao, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba ni salama kwa moyo. Lakini lazima niseme ukweli wote: jaribio kubwa la mwaka 2003 la kuwatibu sonona watu waliopata mshtuko wa moyo liliinua hali yao ya akili na halikupunguza vifo wala kurudia kwa mshtuko. Sonona hutibiwa kwa sababu ni mateso, na kwa sababu asiye na matumaini huacha vidonge vyake vya moyo kwenye kabati. Hizo zinatosha kuwa sababu.

Kwenye mazoezi na chakula, matokeo hayafanani, na tofauti yake inafundisha. Nchini Denmark, watu 428 wenye skizofrenia na viuno vipana walishirikishwa katika jaribio la mwaka mzima, baadhi wakipewa mshauri wa binafsi wa mtindo wa maisha. Hatari yao ya moyo haikupungua kuliko ya wengine. Nchini Marekani, watu 291 wenye magonjwa makali ya akili walishiriki jaribio la miezi 18 ambalo lilikuwa na mazoezi ya pamoja, mahali pale pale walipozoea kwenda kupata huduma. Waliokuwa kwenye mpango huo walimaliza wakiwa wamepungua kilo 3.2 zaidi ya wenzao. Kilichonivutia ni kwamba tofauti hiyo ilizidi kukua kadiri miezi ilivyosonga, wakati katika majaribio mengi ya watu wengine uzito huanza kurudi baada ya nusu mwaka. Tafsiri yangu ni kwamba maneno ya kuhamasisha hayatoshi. Mtu atatembea akiwa na wa kutembea naye, siku ile ile ya wiki, bila kulazimika kupanga kila kitu upya kwa kichwa kilichochoka.

Siku kifua kinapobana

Kuna jambo la mwisho, na hili halihusu kinga. Mtu mwenye ugonjwa wa akili anafika chumba cha dharura akisema kifua kinabana. Jina la ugonjwa wake linasomwa kwenye kompyuta, na papo hapo kifua kinageuka kuwa wasiwasi. Anaambiwa atulie, avute pumzi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, wa wazee zaidi ya 113,000 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba wale wenye tatizo la akili walipata kwa nadra zaidi matibabu ya kuzibua mishipa ya moyo. Mwaka uliofuata kundi hilo la watafiti lilionyesha kwamba vifo vyao vya ziada vilielezeka kwa kiasi kikubwa na ubora hafifu wa huduma waliyopewa.

Ugumu wenyewe ni wa kweli. Mshtuko wa hofu na mshtuko wa moyo hufanana: kifua, jasho, pumzi, hisia kwamba kifo kimefika. Na baadhi ya watu wenye skizofrenia hupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali, au hueleza maumivu kwa lugha isiyozoeleka, wakasema kuna kitu kimekaa kifuani, kuna mtu anawabana. Maneno hayo yanaweza kuwa dalili ya saikosisi. Yanaweza pia kuwa maelezo sahihi kabisa ya mshipa ulioziba. Kipimo cha umeme wa moyo na troponini hutenganisha mambo hayo, na vipimo hivyo hufanywa kwanza. Wasiwasi huthibitishwa baada ya moyo kuchunguzwa.

Kwa anayemsindikiza mgonjwa, mpangilio wa maneno una uzito. Anza na kifua: kimeanza saa ngapi, kinabana vipi, kama maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, kama anatoka jasho. Kisha sema kwamba anavuta sigara, ana presha, ana kisukari. Kisha toa orodha ya dawa, ukizitaja zinazogusa umeme wa moyo. Jina la ugonjwa wa akili lisifichwe, lije baada ya hayo. Na kama mtu atasema ni mawazo tu, muulize kwa upole, na usiondoke kabla hajajibu: kipimo cha umeme wa moyo kimeonyesha nini?